Sigino Kabla na Baada ya Bando

Mwaka 1985 hapakuwa na mtu hapa Sigino, Babati, aliyejiuliza kampuni gani ya simu ni nafuu. Mwenye simu alikuwa mmoja nchi nzima, Shirika la Posta na Simu, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Ukitaka kuongea na ndugu yako aliyeko Arusha, ulikwenda Babati mjini, ukajaza karatasi dirishani, ukakaa kwenye benchi kusubiri jina lako liitwe. Bei ilikuwa imebandikwa ukutani na hakuna aliyeibishia. Ubishi ulikuwa juu ya jambo jingine kabisa: njia imepatikana au bado.

Benchi lile nililitazama kutoka upande wa ndani. Nilikuwa opereta, binti mdogo mwenye kisikilizio kichwani, nimekaa mbele ya ubao wenye matundu. Kila tundu lilikuwa la mteja mmoja, na juu yake palikuwa na kikofia kidogo cha chuma. Mteja akikoroga simu yake huko aliko, kikofia kinaanguka, tak, nami nachomeka waya na kuuliza, "Namba ngapi?" Namba za Babati zilikuwa fupi, tarakimu mbili au tatu, na nyingi nilizijua kwa kichwa pamoja na sauti za wenyewe. Simu ya mjini kwa mjini niliiunganisha kufumba na kufumbua. Arusha ndiyo ilikuwa shughuli. Nilichomeka waya wa masafa, nikamwita opereta mwenzangu wa huko, akiwa na laini ananipa, akiwa hana ananiambia, "Subiri, dada, foleni ni ndefu." Basi nageuka kuwaambia watu wazima waliofika tangu asubuhi kwamba njia bado.

Watu wale walijua kupima huduma miaka mingi kabla hawajapata nafasi ya kupima bei. Mnunuzi wa mahindi na mbaazi hakuja saa tatu asubuhi, wakati ofisi zote zinagombania laini zilezile. Alikuja saa saba, wenye ofisi wamekwenda kula. Mzee mmoja wa Kigorowa alikuja na mjukuu wake wa shule, akamweka benchini awe masikio yake, mwenyewe akaenda kumaliza shughuli za sokoni. Masista na waganga wa hospitali za misheni walikuwa na simu zao za upepo zenye saa maalumu ya kuitana, na dharura ikitokea usiku, njia yao ilikuwa ya uhakika kuliko yetu. Masika yakiangusha nguzo moja porini, mji mzima ulinyamaza mpaka fundi wa laini atoke na gari lake akaitafute hiyo nguzo. Kwa hiyo watu walimfahamu fundi wa laini kwa sura. Walijua anakaa wapi, na walijua kama gari lake lina mafuta.

Hilo la kumjua fundi ndilo ninalolitetea mpaka leo. Mtu wa Sigino anayetaka intaneti ya nyumbani aanze kwa kuuliza habari za fundi na mnara, ndipo aje kwenye bei. Nasema hivyo kwa sababu nimeiona huduma hii ikizaliwa, ikigawanywa, ikiuzwa na kupunguzwa bei, na kila ilipopungua bei kuna mzigo uliohamishiwa kwa mteja bila kuandikwa popote.

Mgawanyo ulikuja mwaka 1994. Barua zikabaki na Shirika la Posta, simu zikaenda TTCL, usimamizi ukapewa tume yake. Mwaka huohuo Mobitel ikaanza kuuza simu za mkononi Dar es Salaam, ambazo kwetu zilikuwa habari za gazetini. Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Mkoa wa Manyara ukamegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu. Zikaja ofisi za mkoa, yakaja mabenki, na minara ikawafuata wenye mishahara. Sigino ni kata ya mji huohuo wa Babati, lakini ni kata ya mashamba na nyumba zilizoachana. Tukapata mabaki ya mawimbi ya mjini.

Nasema mabaki kwa maana yake halisi. Palikuwa na kichuguu ambapo laini moja ilishika vizuri, ukishuka hatua chache inapotea. Palikuwa na kona ya zizi la ng'ombe kwa jirani yetu Mmbulu ambapo laini nyingine ilishika jioni tu. Vijana walipanda mitini. Mgeni akifika, baada ya shikamoo na maji ya kunywa, aliuliza, "Hapa kwenu unashika mtandao gani?" Mwenyeji alimtoa nje akamwonyesha pa kusimama. Elimu hiyo ilikwenda nyumba kwa nyumba kama ilivyokwenda ya visima, nami naiheshimu, kwa sababu hakuna kampuni iliyokuwa na ramani ya Sigino sahihi kuliko ile iliyokuwa vichwani mwa watu wetu.

Wakati huo nilikwishaacha uopereta na kufungua kibanda cha simu. Nilikuwa na simu ya mezani isiyo na waya, antena nimeifunga juu ya mlingoti mrefu, na saa ya ukutani ya kuhesabia dakika. Nilianza na laini moja. Haukupita muda wateja wakaanza kuniuliza, "Mama, una laini ya Voda? Nataka kumpigia mtu wa Voda." Ndipo nilipolisikia swali la bei kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya simu, na lilikuwa na msingi. Kampuni ya anayepiga huilipa kampuni ya anayepokea kwa kila dakika inayovuka, na gharama hiyo ilirudi kwa mpigaji. Kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu, kuvuka kulikuwa ghali. Kwa hiyo watu wakanunua laini mbili, tatu, nne. Wakazitunza kwenye kibiriti kitupu au kwenye pindo la kanga, wakabadilisha kulingana na wanayempigia. Nimemwona mama akifungua simu yake sokoni, ametoa betri, laini nne zimepangwa juu ya mfuko wa maharage, anatafuta ile ya kumpigia mwanawe aliyeko Mererani. Baadaye zikaja simu za Kichina zenye nafasi ya laini mbili na zaidi, na kibiriti kikapumzika.

Malipo ya kuvuka yameshushwa hatua kwa hatua na TCRA, mamlaka ya mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2018 yalikuwa Shilingi 15.60 kwa dakika. Mwaka 2019 yakawa 10.40, mwaka 2020 yakawa 5.20, mwaka 2021 yakawa 2.60, na mwaka 2022 yakafika Shilingi 2. Kabla ya hapo, Machi 1, 2017, mteja aliruhusiwa kuhama kampuni bila kuacha namba yake. Kwa hesabu ya karatasi, laini za ziada zilipaswa kufa. Sigino hazikufa. Watu wamebaki na laini mbili hadi leo, na ukiwauliza wanakwambia ya pili ni ya siku mtandao ukikatika.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji apatazame vizuri. Tulianza kubeba laini mbili kwa sababu ya bei, tukaendelea kuzibeba kwa sababu ya huduma. Familia inanunua bando huku na inanunua bando kule, na lile la akiba mara nyingi linaisha muda wake likiwa halijaguswa. Pesa hiyo ni gharama ya huduma mbovu. Haimo kwenye tangazo lolote, haimo kwenye jedwali lolote la kulinganisha kampuni, ila inatoka kwenye mfuko wa mkulima kila mwezi.

Intaneti ilitukuta katikati ya hayo. Kebo ya baharini si mgeni katika pwani yetu: ile ya telegrafu ilifika Zanzibar mwaka 1879, ikiunganisha Aden na kusini mwa Afrika. Ikapita miaka 130 ndipo faiba ya baharini ikafika Dar es Salaam, SEACOM mnamo Julai 2009, na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ya Tanzania ilipanda kwenye satelaiti na kushuka, kwa gharama kubwa. Pale Babati kulikuwa na kafe ya intaneti yenye dishi juu ya bati, kompyuta chache, na pazia mlangoni la kuzuia vumbi. Kulikuwa na majira ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn cha Sweden walikuja Babati kwa masomo yao ya utafiti vijijini. Wakijaa mle ndani, kurasa zilikataa kufunguka kwa kila mtu. Tulilipa kwa muda, hatukulipa kwa kazi iliyokamilika. Ukurasa ukikwama, dakika zinahesabiwa vilevile. Nakumbuka kijana aliyelipa nusu saa akatoka bila kusoma hata barua pepe moja, macho yamemwiva. Mwenye kafe hakumwibia. Dishi lilikuwa moja na walaji wengi. Lakini pesa ya kijana ilikwenda.

Serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, ukaunganisha makao makuu ya mikoa, ukaendeshwa na TTCL. Kasi ikapanda, bei ikashuka. Ila mkongo unafika mjini. Kutoka mjini hadi mezani kwako Sigino ni safari nyingine, na habari yote ya bei na huduma imo kwenye kipande hicho cha mwisho.

Kilichoifanya intaneti kuwa ya lazima huku kwetu ni fomu. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianza mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo kwa mtandao. Bodi ya Mikopo ikahamia huko. Matokeo ya NECTA yakatazamwa kwenye simu, ajira za serikali zikaingia Ajira Portal, malipo ya serikali yakataka kontroo namba, na mwaka 2023 zabuni zikaenda NeST. Mtu asiyekuwa na haja yoyote na kompyuta akajikuta anaihitaji ili mtoto wake asome. Kibanda changu kikageuka steshenari, yaani kompyuta, printa na mashine ya kutoa kopi, na watu wakarudi kukaa kwenye benchi kusubiri njia, sasa mbele ya dirisha langu mwenyewe.

Chukua siku ya mwisho ya kuomba mkopo. Binti ameleta cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, barua ya serikali ya mtaa na fomu yenye mhuri wa mwanasheria. Naskani, napunguza ukubwa wa faili, napakia. Kiduara kinazunguka. Kinakaribia mwisho, kisha mfumo unaandika: jaribu tena. Napakia upya, na kila nikipakia upya MB zinaliwa upya, kwa sababu kampuni inahesabu kilichopita hewani, haihesabu kilichofika. Mama yake binti ananiangalia mimi, binti anaangalia saa. Napekua droo kutafuta laini nyingine, natoka nayo nje hadi penye nafuu, nawasha waifai ya simu, narudi mbio mezani.

TCRA iliwahi kuweka mipaka ya bei ya data ndani ya kifurushi: kuanzia Shilingi 2.03 hadi 9.35 kwa MB moja. Mtu akiitazama mipaka hiyo ataona ya chini ni nafuu zaidi ya mara nne kuliko ya juu. Mimi nikiwa mezani pale naona hesabu nyingine. MB ya Shilingi 2.03 iliyoshindikana na kupakiwa mara tano imenigharimu zaidi ya Shilingi 10. Ile ya 9.35 iliyofika mara ya kwanza ndiyo ya bei nafuu, na binti amewahi kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Bei nayo si jambo la kudharau. Aprili 2, 2021, vifurushi vipya vilipoanza na watu wakaona hela ileile inanunua MB chache, kelele zilipanda nchi nzima na serikali ikavisitisha. Nami nilipiga kelele, na ilikuwa haki yetu. Ninachosikitikia ni kwamba sijaona nchi ikipaza sauti namna ile kwa ajili ya mtandao unaokatika. Bei hupanda siku moja kwa wote, tunaumia pamoja, sauti inakuwa moja. Huduma inaanguka mtaa kwa mtaa na saa kwa saa: leo analia wa Sigino, kesho wa Bonga, keshokutwa wa Singe, na kila mmoja anadhani tatizo ni simu yake. Anaizima, anaiwasha, anaipuliza. Ndiyo sababu kampuni zinashindana kwa bei, maana hapo ndipo zinapoonekana.

Ruta mezani na waifai ya nyumba nzima ni mambo ya juzi tu huku kwetu. Ofa ziko za aina mbili. Kuna ruta ya laini ya simu: unanunua kifaa, unalipia kwa mwezi, unakichomeka kwenye umeme, nacho kinatumia mnara uleule wa simu za watu. Na kuna faiba, waya mwembamba unaotoka kwenye boksi la nguzoni hadi ukutani kwako. TTCL wanaiita Faiba Mlangoni Kwako. Kwa aliye jirani na boksi hesabu ni nyepesi. Aliye ndani mashambani hupimiwa waya kwa mita, na kuna anayeambiwa asubiri mpaka boksi lisogezwe. Kwa hiyo wengi wanaishia kwenye ruta, na ruta zinauzwa kwa maneno mawili ya herufi kubwa: BILA KIKOMO.

Nilinunua mojawapo, ya kampuni nisiyoitaja. Asubuhi ilikwenda vizuri. Ikifika saa mbili usiku, hata ukurasa wenye maandishi matupu unajivuta. Sababu yake si siri. Mnara una uwezo wake, na wote waliounganishwa upande mmoja wanaugawana. Mchana watu wako shambani na mjini; usiku wamerudi, kila simu inatazama video au mpira, na ruta ya nyumbani inapanga foleni pamoja nazo. Halafu yale maneno ya herufi kubwa yalikuwa na ndugu zao wa herufi ndogo: ukifikisha kiasi fulani cha GB, kasi inashushwa mpaka mwezi uishe. Nilipiga huduma kwa wateja. Kila nikipiga napokewa na sauti nyingine, naanza kueleza upya, naambiwa nizime ruta na kuiwasha. Hakuna aliyejua Sigino iko wapi. Niliahidiwa fundi ambaye hakufika.

Kuna jambo jingine ambalo wauza ruta hawalisemi, nami namweleza kila anayekaa kwenye benchi langu. Watu wanaamini kwamba laini mbili za kampuni mbili ni kinga. Si lazima iwe hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 baadhi ya kampuni kubwa za simu Tanzania ziliuza minara yao kwa kampuni ya minara. Helios Towers ilichukua ile ya Tigo, kisha ya Vodacom. Tangu hapo ni kawaida mnara mmoja kubeba antena za kampuni kadhaa, jambo ambalo limepunguza gharama na kufikisha mawimbi mbali. Lakini umeme wa TANESCO ukikatika, mnara unaishi kwa betri, kisha kwa jenereta. Betri zikichoka na mafuta yakichelewa, wote waliopanga pale wanazimika kwa pamoja. Hapo umelipia kampuni mbili na umenunua mnara mmoja. Namna ya kujua ni rahisi na haina gharama. Umeme ukikatika usiku kwa saa nyingi, tazama laini ipi inabaki hai hadi alfajiri, waulize na majirani wa upande wa pili wa bonde. Zikizimika kwa wakati mmoja, akiba yako ni jina tu.

Nimeanza kuyaandika hayo kwenye daftari, mazoea yaliyonibakia tangu ubaoni, ambako kila simu ilikuwa na karatasi yake. Naandika tarehe, saa, kampuni, umeme ulikuwepo au haukuwepo, na muda uliopita kabla huduma haijarudi. Majirani wananiletea habari zao, nami naziandika pia. Kijana akija, "Shikamoo mama, nataka ruta, nichukue ipi?" naitikia marahaba, kisha namfungulia daftari kabla sijamwambia lolote kuhusu bei. Daftari hilo pia ndilo lililonisaidia nilipopeleka malalamiko: ukiwa na tarehe na saa, na namba ya malalamiko uliyopewa na kampuni, unasikilizwa tofauti na unaposema tu kwamba mtandao ni mbovu. Kampuni isipotatua, njia ya kwenda TCRA iko wazi kwa kila mteja, na ni watu wachache mno huku wanaoijua.

Mwaka 2018 zilitungwa kanuni za ubora wa huduma za mawasiliano, na TCRA hupima kampuni mikoani na kutoa taarifa. Nazipenda taarifa hizo. Ombi langu ni kwamba vipimo vishuke hadi kata, na vichukuliwe saa mbili usiku, saa ambayo mwanafunzi wa Sigino amemaliza kazi za nyumbani na ndio kwanza amefungua daftari. Kipimo cha mchana kando ya barabara ya lami ya Babati hakimwambii mtu wa ndani chochote. Mei 13, 2023, pale Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi hii. Nilifurahi kama mtu aliyewahi kuona watu wakipanda mitini kutafuta mawimbi. Ila mnara ukishasimama unahitaji mafuta, betri na mtu wa kuuangalia, kila mwezi, na hapo ndipo mkataba unapokuja kujulikana thamani yake.

Matope ya Mlima Hanang yaliposhuka Katesh asubuhi ya Desemba 3, 2023 na kuua watu zaidi ya 80, kila nyumba ya Babati yenye ndugu Hanang ilikuwa na simu mkononi. Watu walipanga foleni kwangu kuchaji, kuazima laini, kupiga tena na tena. Sikumsikia hata mmoja akitaja bei ya dakika. Na Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilididimia Tanzania nzima, aliyelipa ghali na aliyelipa kidogo pamoja. Siku kama hiyo fundi wa Babati hana la kufanya, na tofauti inakuwa kwa mtoa huduma aliyenunua njia za akiba kabla ya balaa. Hilo nalo ni swali la kumuuliza anayekuuzia, na kama hawezi kulijibu, umepata jibu.

Sitaki kueleweka kwamba kila mtu anunue cha ghali. Mwalimu mstaafu ninayepakana naye anatumia bando la wiki kwenye simu, la bei ya chini kabisa, na amechagua vizuri. Anasoma magazeti asubuhi, anaongea na wajukuu zake walioko Mwanza kwa WhatsApp, na mtandao ukikatika anakwenda kupalilia migomba yake mpaka urudi. Hana kinachoharibika kwa kusubiri. Kijana mwingine hapa anafanya kazi za hesabu za kampuni ya mbali kwa kompyuta, na kila kikao anachokosa kinamkata kwenye malipo. Huyo nilimwambia waziwazi aache kutafuta ruta ya bei poa. Alikodi chumba cha kazi jirani na nguzo yenye boksi, akavuta faiba, na nyumbani amebaki na bando la simu. Analipa kodi ya chumba na intaneti, na bado anabakiza kuliko alipokuwa akihangaika na laini zake tatu.

Siku hizi vijana wananiuliza habari za dishi la satelaiti la Starlink, wakijua kwamba Kenya lilianza kuuzwa Julai 2023. Wameshapiga hesabu ya bei ya kifaa na ya mwezi, wameiandika kwenye simu, wananionyesha. Nawauliza likipigwa na mvua ya mawe, au likizima tu lenyewe Jumamosi jioni, ni nani hapa Babati atakayekuja kulitazama, na anakaa mtaa gani. Wamesema wataulizia.